Ameenda Kwao Kuuguzwa

Ukiuliza hapa Oli, mtaani kwetu Arua, habari za mama fulani ambaye siku hizi haonekani sokoni, utajibiwa kwa upole: "Hayupo, ameenda kwao kuuguzwa." Uliza tena baada ya mwaka, jibu ni lile lile. Baada ya miaka mitatu ua unafagiwa na mwanamke mwingine, watoto wawili wa mwisho wamepelekwa kwa shangazi yao Koboko, na jibu bado halijabadilika. Hakuna talaka iliyotamkwa. Sheikh hakuitwa, mwenyekiti wa mtaa (LC) hakuandika chochote, hakuna mbuzi wala ng'ombe aliyerudishwa. Siku ile palikuwa na boda mlangoni, beseni, blanketi lililofungwa kwa mpira, na kavera, yaani mfuko wa plastiki, la dawa. Mama alipanda, bwana akasema, "Nitakuja Jumapili."

Mimi huiita talaka ya beseni. Nimekaa kwenye vikao vya ndoa za watu muda wa kutosha, kwanza kama shangazi wa kuitwa kila penye ugomvi, baadaye kwa sababu ya mvi, na ndoa nyingi nilizoona zikizama katika ugonjwa zilizama hivyo, kimya kimya, hata wenyewe wakiulizwa ni siku gani hawawezi kuitaja. Kwa hiyo leo sianzi na upendo wala subira. Hayo khutba za ndoa zimekwisha kuyasema. Naanza na swali la mahali: mgonjwa atalala wapi, na ni nani aliyeamua?

Lakini tuondoe kwanza hofu moja. Wako wanaoamini kwamba ugonjwa mzito ukiingia, ndoa lazima itoke. Huko ambako kila talaka huandikwa kwenye daftari la serikali, jambo hili limehesabiwa. Norway walichunguza ndoa zaidi ya milioni moja, na majibu yaliyotoka mwaka 2007 yalionyesha kwamba saratani kwa jumla haikuongeza talaka. Mbili tu zilijitenga na nyingine: ya mlango wa kizazi kwa wanawake na ya korodani kwa wanaume, yaani zile zinazowapata watu wangali vijana na kugusa kitanda moja kwa moja. Kumbuka kwamba hapa Uganda hiyo ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake.

Mwaka 2009 madaktari wa Marekani wakaja na habari chungu zaidi. Walifuatilia wagonjwa 515, wenye uvimbe wa ubongo, saratani nyingine na maradhi ya neva. Kwa jumla walioachana walikuwa karibu 12 katika kila 100. Walipotenganisha kwa jinsia, ikaonekana kwamba mgonjwa akiwa mume, ndoa 3 tu kati ya 100 zilivunjika. Akiwa mke, karibu 21. Wanaume mnaosoma msikunje uso, bado sijamaliza. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa huko huko ulisema mambo yanayofanana na hayo kuhusu wazee, magazeti yakapiga ngoma, kisha waandishi wake wenyewe wakaufuta. Walikuwa wamekosea: watu waliojitoa kwenye utafiti walihesabiwa kana kwamba wametalikiana. Walipohesabu upya, kilichobaki ni maradhi ya moyo ya mke peke yake.

Kosa hilo lilinichekesha, maana sisi Oli tuna lile la upande wa pili. Wao walimhesabu aliyetoweka kuwa ameachwa. Sisi aliyeachwa tunamhesabu kuwa bado ni mke, yuko kwao tu, anauguzwa.

Na tusijidanganye kwamba ile tofauti ya mke na mume ni ya wazungu. Hapa hapa Uganda, utafiti uliofanywa Rakai na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba pale mmoja ana virusi vya Ukimwi na mwingine hana, kutengana kulikuwa kwingi zaidi mwenye virusi alipokuwa mke. Mume akiugua, tunamwambia mke akaze kanga. Mke akiugua, tunamtafutia boda.

Sasa nirudi kwenye beseni. Sitaki kusema kwamba kwenda kwao ni kosa. Habuba, yaani bibi yangu, alikuwa akisema kwa Kinubi chake kwamba mgonjwa hupona kwa mkono unaomfahamu, na mkono unaomfahamu mara nyingi ni wa mama yake. Mume ana duka, au anakwenda Ariwara ng'ambo ya mpaka siku za gulio. Wifi zake mgonjwa wana mambo yao. Mkwe ni mzee. Mwanamke mwenyewe anaona haya kuoshwa na dada za mumewe. Akienda kwao atalia bila kujificha. Zote hizo ni sababu nzuri, na wengi wameenda wakapona wakarudi wamenona.

Tatizo ni namna ya kuondoka. Kabla boda haijawashwa, kaeni watu wanne, wawili wa kila upande, mgonjwa mwenyewe akiwa anasikia. Semeni anakwenda mpaka lini. Tarehe, si "akipata nafuu". Semeni nani atalipa dawa na nauli ya kliniki wakati yuko kule, na pesa zitatumwa kwa simu ya nani, maana shilingi zinazopitia kwa shemeji watatu hufika zimekonda. Semeni mume atakuja siku gani na atalala au atarudi siku ile ile. Kama kuna watoto wadogo, mmoja aende naye, na wengine wasihamishwe mpaka mama yao akubali kwa mdomo wake. Halafu muhimu kuliko yote: vitu vyake vibaki. Sanduku lake lisifunguliwe, masufuria yasigawanywe, nguo zake za gurbaba zibaki zimekunjwa pale pale zilipo. Nimeona nyumba ambako mama aliondoka Jumatatu na Alhamisi kitanda kilikuwa kimehamishiwa chumba cha wapwa. Aliyesikia habari hiyo akiwa amelala mkekani kwa mama yake hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Tarehe itasogea, najua. Ugonjwa haufuati kalenda. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilipokufa, wagonjwa wa saratani wa nchi nzima waliohitaji mionzi walijikuta wakingoja, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Mtu wa Arua aliyekuwa ameahidi kurudi nyumbani baada ya wiki sita za mionzi, angerudi lini? Lakini tarehe inayosogezwa kwa kuongea ni tofauti na tarehe ambayo haikuwahi kuwepo. Ile ya kwanza inawalazimisha kuzungumza kila inapofika. Ya pili inawaruhusu kunyamaza, na kimya cha miezi sita kati ya mume na mke kina sauti kubwa.

Liko jambo moja ambalo wageni hawalielewi, nalo ndilo huwazuia wanaume wengi kwenda kumwona mke aliye kwao. Ni mahari. Bwana alilipa ng'ombe wawili akaahidi watatu, miaka imepita, watoto wamezaliwa, hakuna aliyeuliza. Mke akiwa mzima, deni limelala. Siku mgonjwa anapopelekwa kwa baba yake, deni linaamka. Bwana anajua akitia mguu pale wajomba watamkalisha, na akija mikono mitupu ataaibishwa mbele ya watoto. Basi anatuma sabuni. Jumapili ya pili anatuma salamu. Na akilini mwake uko woga mwingine asioutaja: mke akifia kule, kuna familia ambazo hazitakubali azikwe kabla ng'ombe hawajafika.

Kwa bwana wa namna hii dawa yangu ni moja. Usiende peke yako, na usingoje upate ng'ombe. Tafuta mzee mmoja wa kwenu mwenye ulimi mzuri, muende naye, na aseme mapema kabisa: "Tumekuja kumwona mgonjwa. Habari ya ng'ombe ipo, hatujaikimbia, tutaijia siku yake." Wakwe wengi wakisikia deni limekubaliwa hutulia. Nanyi upande wa mke, wajomba, nawaomba: msimfanye binti yenu rehani. Mkimdai mumewe kitandani pake, mnamfukuza mtu pekee ambaye alitakiwa kuja. Na kwa wale wanaofikiria kudai mahari irudi kwa kuwa mke amekuwa mgonjwa na "hafai tena", Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema Agosti 2015, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI, kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Kuidai irudi kama bei ya ng'ombe aliyeonekana na kasoro, hiyo imekatazwa.

Waislamu wenzangu tuna mfano ambao naona tunaupita haraka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipozidiwa na ugonjwa wake wa mwisho, aliwaomba wake zake idhini auguzwe nyumbani kwa Aisha, nao wakamkubalia. Aliomba. Hata pale, swali la mgonjwa alale wapi lilipitia kwa wale liliowahusu. Sisi tunahamisha watu kama magunia ya muhogo.

Kuna safari nyingine inayovunja ndoa bila mtu kukusudia, nayo ni ya Kampala. Hospitali ya rufaa ya Arua ikishamwandikia mgonjwa barua ya Mulago, nani anapanda naye basi la usiku? Mume akiwa mgonjwa, mke ndiye atakayekaa naye mpaka Pakwach, mpaka Karuma, mpaka alfajiri Kampala, na ndiye atakayelala sakafuni chini ya kitanda cha wodi na kujua muuguzi yupi ana huruma. Mke akiwa mgonjwa, anakwenda na mama yake au dada yake. Wanarudi baada ya wiki tatu wakiwa wamejua jina la ugonjwa, wamesikia daktari akisema, wamelia pamoja kwenye korido, na mume aliyebaki nyumbani anapewa muhtasari. Kuanzia hapo kuna watu wawili wanaojua na mmoja anayesimuliwa. Anayesimuliwa hushuku, au huchoka kuuliza.

Ikiwa pesa ni ya mmoja tu kusindikiza, mume aende ile safari ya jina, yaani siku ambayo majibu yanatolewa. Shangazi na dada wataenda hizo nyingine. Ikishindikana kabisa, mpigieni simu mkiwa mbele ya daktari, iwekwe sauti ya juu, na mume aulize maswali yake mwenyewe. Madaktari wengi hukubali wakiombwa vizuri.

Na hapo tunafika kwenye fedha, ambako sitakaa sana kwa sababu kila mtu anajua maumivu yake. Ada za hospitali za serikali ziliondolewa mwaka 2001, lakini kipimo cha picha, dawa zilizoisha dirishani, chakula cha anayeuguza na nauli hazikuondolewa. Nasema mawili tu. Msiuze kinachozalisha kabla ya kinachokaa: televisheni iende kabla ya cherehani, pikipiki iwe ya mwisho. Na mgonjwa aone daftari. Tunamficha hesabu tukidhani tunampumzisha, naye analala usiku akijumlisha mwenyewe, kila mara anapata jumla kubwa kuliko ya kweli, mpaka siku moja anasema "nirudisheni kwetu nisiwafilisi". Wangapi wamejipandisha boda wenyewe kwa sababu hiyo!

Sasa nataka kuzungumza na wale ambao hawajui kwamba nyumbani mwao mna ugonjwa. Wazee wa huku kwetu West Nile wanayakumbuka malale. Mbung'o wa kando ya mito yetu walieneza aina ile inayokwenda polepole, inayomwingia mtu mwilini miezi au miaka kabla haijafika ubongoni. Ikifika, mtu analala mchana na kukesha usiku, anakuwa mkali kwa jambo dogo, anaacha shamba, hamtaki tena mwenzake kitandani. Fikiria hayo machoni pa mke ambaye hajui: mume amekuwa mvivu, ana hasira, hanitaki, bila shaka ana mwanamke. Au machoni pa mume: mke huyu amerogwa, au ananichezea. Kikao kinaitwa, wazee wanakemea, mtu anarudishwa kwao, na kumbe alihitaji sindano. Habuba alinisimulia habari za ndoa ya jirani yake iliyovunjwa hivyo, na mgonjwa alipogunduliwa baadaye na kupona, mwenzake alikuwa tayari na ndoa nyingine ng'ambo ya Congo.

Mbung'o wamepunguzwa mno. Mmeviona vile vitambaa vidogo vya buluu kando ya maji, ndivyo vilivyowaua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeyatokomeza malale ya aina hiyo kama tatizo la afya ya jamii. Lakini somo halijapitwa na wakati. Kisukari kisichotibiwa huweza kumfanya mtu kuwa mkali na kumnyima nguvu za kiume. Kiharusi kidogo huweza kubadilisha tabia bila kupindisha mdomo. Sonona baada ya kujifungua humfanya mama aonekane hana huruma na mtoto wake. Mtu uliyeishi naye miaka 10 akibadilika ghafla, mpeleke zahanati kwanza. Wazee watakuwepo tu wiki ijayo.

Niseme na langu, maana si haki kufunua nyumba za watu na kuficha yangu. Mume wangu alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza kila saa ili mgongo usichubuke. Mtaa mzima ulinisifu. Kilichoniumbua ni shemeji yangu mmoja aliyekuja kumjulia hali. Alimsalimia yeye, nikajibu mimi. Alimuuliza kama amekula, nikajibu mimi: amekula, amelala vizuri, leo ana hasira kidogo. Mume wangu aliinua ule mkono wake mzima akapiga godoro, akasema kwa taabu neno moja: "Mimi." Nilitoka nje nikakaa karibu na jiko. Miezi minne nilikuwa nimemwacha huku nimelala chumba kimoja naye. Nilikuwa nimebaki na mgonjwa, mume nimempeleka sijui wapi.

Tangu siku ile tulirudisha mambo matatu manne yaliyokuwa yake kabla. Ada za shule za watoto alizihesabu yeye kwa mkono wa kushoto, pole pole, na mimi nikangoja. Mgeni akija, kiti kiliwekwa upande wake. Nilipokuwa na hasira naye, nilimwambia, kama zamani. Kumhurumia mtu kila siku bila hata siku moja kumkasirikia ni namna ya kumzika. Nanyi mnaouguza, msione aibu kutaka saa mbili kwa wiki za kwenda zenu. Mpeni kijana wa nyumba zamu. Anayeuguza bila kupumzika huanza kumchukia mgonjwa, kisha hujichukia kwa kumchukia, na nyumba ikifika hapo haihitaji adui.

Unyumba. Najua ni jambo tunalolionea haya, lakini zile saratani mbili za Norway zimekwisha kulitaja kwa niaba yetu. Dawa za presha na kisukari chenyewe vinaweza kumpunguza mwanamume. Matibabu ya mlango wa kizazi yanaweza kumfanya mwanamke aumie na kuogopa. Wenye virusi vya Ukimwi wanaomeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hawaambukizi wenzao kwa kujamiiana. Jambo hilo limethibitishwa, dawa zinatolewa bure, na bado nawajua wanandoa wanaolala vyumba viwili kwa hofu ya miaka ya tisini. Kamuulizeni daktari pamoja, kwa maneno ya wazi: tunaweza lini, tufanye vipi, tusifanye nini? Na kabla hamjaweza, laleni karibu. Mkono juu ya mgongo hauhitaji cheti.

Waliotufundisha kuzungumza wawili mbele ya ugonjwa wa aibu hawakuwa mbali. Mwaka 1986 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Mulago, alipata habari kwamba mumewe Christopher, aliyekuwa akisoma Hull, Uingereza, amekutwa na Ukimwi. Akaenda kukaa naye hospitalini kule, wakarudi nyumbani, na Januari 1987 Christopher akafariki. Mwaka huo huo yeye na wenzake wachache, baadhi yao wagonjwa wenyewe, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi. Wakati ule watu walikuwa wakiogopa hata kugusa kikombe cha mgonjwa. Ninachokichukua kwake ni kitu kidogo: mambo waliyokuwa wakinong'ona wawili chumbani waliyatoa wakakaa nayo na wengine waliokuwa nayo. Kliniki nyingi leo zina siku za wanandoa. Nendeni.

Kuhusu mke wa pili. Dini inaruhusu, na sitajifanya mufti. Nasema tu kile nilichokiona kwenye vikao: bwana anayeoa ndani ya mwaka wa matibabu kwa hoja kwamba "anahitajika wa kumsaidia mgonjwa" anawadhulumu wawili kwa mpigo. Wa kwanza anaona kaburi lake likichimbwa angali anapumua. Wa pili ameolewa akawa mfanyakazi wa wodi bila mshahara. Kama unahitaji msaada, ajiri msichana, au waite wapwa. Kama unataka kuoa, basi taka kuoa, umwambie mkeo kwa kinywa chako akiwa na nguvu za kujibu, wala asisikie kwa watoto. Na kwa wanawake vijana walioolewa na wazee, mzee sasa amekatwa mguu kwa kisukari na wewe una miaka 30: hakuna anayekulazimisha utabasamu. Lakini ukitaka kutoka, toka kwa mlango, kwa khului, yaani talaka anayoiomba mke, mbele ya kadhi, si kwa kwenda "kuwasalimia wazazi" usirudi. Hiyo nayo ni beseni.

Masheikh hupenda kututajia Ayubu na subira yake. Wafasiri wanasema mkewe alibaki naye katika dhiki ile yote, na kwamba ndani ya ugonjwa huo huo Ayubu alimkasirikia mpaka akaapa kumpiga mara mia. Ndipo Mungu akampa njia ya kutimiza kiapo kwa kitita cha majani, kama ilivyo katika Surat Swad, aya ya 44. Nyumba ya nabii, na bado ugonjwa uliwagombanisha. Ninapokutana na wanandoa wanaodhani ndoa yao imekufa kwa sababu wametukaniana juu ya uji, huwakumbusha majani yale.

Zipo ndoa ambazo ugonjwa umefunua tu ubovu uliokuwepo. Anayempiga mgonjwa, anayemficha dawa, anayejua ana maradhi ya kuambukiza na kumficha mwenzake, huyo simshauri mtu abaki naye. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 inahesabu hata kumnyima mwenzi fedha na mali anazostahili kuwa ni ukatili. Dawati la familia na watoto la polisi lipo, afisa ustawi yupo. Katika Sheria ya Talaka ugonjwa peke yake haumo kama sababu ya kumwacha mtu. Kutelekezwa miaka miwili kumo, na tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 2004 mke na mume wanasimama na sababu sawa. Kwa hiyo wewe uliyesubiri Jumapili ile kwa miaka miwili, fahamu kwamba sheria haikuhesabu kama mtu aliyeenda kuuguzwa. Kwa Waislamu, fasikhi, yaani kadhi kuivunja ndoa, iko kwa ajili ya mke asiyepewa matunzo. Na bwana anayedhani atamwacha mkewe akiwa mwenyewe yuko katika ugonjwa wa mauti ili asimrithi, akumbuke Abdurrahman bin Auf alivyomtaliki Tumadhir ugonjwani, na Khalifa Uthman akampa mama yule mirathi yake. Wanazuoni wanatofautiana juu ya mipaka ya hukumu hiyo. Muulize kadhi wako kabla hujatamka.

Mwezi uliopita, nyumba ya tatu kutoka kwangu, boda ilisimama mlangoni. Jirani yangu ana uvimbe kizazini na anangoja upasuaji. Wameamua akakae kwa mama yake, upande wa Koboko. Beseni lilikuwa limefungwa, blanketi limefungwa. Mumewe, ambaye si mtu mbaya, alishika usukani wa pikipiki isimame sawa, akasema, "Nitakuja Jumapili."

Yule mama alikuwa amekwisha kupanda. Akashuka, pole pole, mkono mmoja tumboni.

"Jumapili gani?"

Mwenye boda akazima injini.